Jicho la Bingwa na Jicho la Mashine: Historia ya Usomaji wa Maradhi, kutoka Airport ya Changamwe hadi Zama za Akili Unde

Mjadala wa sasa kuhusu akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, yaani mifumo ya kompyuta inayofundishwa kwa mifano mingi hadi ikaweza kutambua jambo lililokuwa likihitaji akili ya binadamu, umezua swali ambalo madaktari na wagonjwa wanaliuliza kwa uzito uleule: je, mashine iliyofundishwa kazi moja finyu ya utabibu inaweza kumpita daktari bingwa wa kazi hiyo? Swali hilo huzungumzwa kana kwamba limezuka jana, ilhali pwani ya Kenya ina zaidi ya karne moja ya uzoefu wa kukabidhiana kazi ya kusoma maradhi, kutoka kwa daktari hadi kwa mpimaji wa maabara, na sasa kutoka kwa mpimaji hadi kwa kompyuta. Wadi ya Airport, iliyomo katika eneo bunge la Changamwe upande wa bara wa Mombasa na iliyopata jina lake kutokana na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, ni mahali panapofaa kulichunguzia swali hilo, kwa kuwa hapo ndipo maradhi ya nchi moja na utaalamu wa nchi nyingine vimekuwa vikipishana kwa muda mrefu. Historia hiyo inaonyesha kwamba ubingwa katika fani finyu huzaliwa na kuona jambo lilelile mara nyingi, mahali linapotokea, chini ya usimamizi wa wengine, na kwamba kanuni hiyo inamhusu daktari kama inavyoihusu mashine.

Hori lililo karibu na uwanja huo, Port Reitz, lina jina la mtu aliyeuawa na ugonjwa ambao hakuna aliyeweza kuusoma wakati wake. Luteni John James Reitz wa jeshi la majini la Uingereza aliachwa na Kapteni William Owen awe gavana wa Mombasa mwaka 1824, pale Wamazrui, watawala wa Mombasa wakati huo, walipotafuta ulinzi dhidi ya Omani, na akafariki kwa homa miezi michache tu baadaye. Msafara wa Owen wenyewe ulikuwa umekwisha kupoteza maafisa na mabaharia wengi kwa homa za mwambao wa Afrika, na matabibu wa meli zake walizitenganisha homa hizo kwa dalili za nje pekee, yaani joto la mwili, kutetemeka, rangi ya macho na siku za kurudi kwa homa. Wenyeji walikuwa na ujuzi wao uliotokana na kuishi na ugonjwa. Walijua kwamba mgeni hupatwa na mkunguru, homa ya kutoizoea nchi, na kwamba aliyezaliwa mahali hapo huugua kwa namna nyingine. Pande zote mbili zilisoma ugonjwa kwa kumtazama mgonjwa, lakini wenyeji walikuwa wameona wagonjwa wengi zaidi.

Mabadiliko yalikuja pale ugonjwa ulipoanza kusomwa juu ya kioo. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, alikiona kimelea cha malaria katika damu ya mgonjwa huko Algeria mwaka 1880; Ronald Ross akathibitisha dhima ya mbu huko India mwaka 1897; na mwaka 1904 Gustav Giemsa wa Hamburg akachapisha njia ya kutia damu rangi ambayo hadi leo inatumika katika maabara za Mombasa. Katika miaka hiyohiyo reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kupitia Changamwe ikielekea bara, ilikuwa imeleta maelfu ya vibarua kutoka India na kuwaweka katika kambi ambamo malaria ilienea, na mwaka 1902 tauni ikazuka Nairobi kwenye njia ya reli hiyo. Tangu hapo serikali ya kikoloni haikuweza tena kuendesha bandari na reli bila watu waliofunzwa kutazama hadubini, na kwa kuwa madaktari walikuwa wachache mno, kazi hiyo ilishuka taratibu mikononi mwa wasaidizi wa Kiafrika na Kihindi waliofunzwa kazini.

Inafaa kueleza kwa undani kazi yenyewe ilivyo, maana ndiyo inayoshindaniwa leo. Tone la damu kutoka ncha ya kidole hupakwa kwenye slaidi, yaani kipande chembamba cha kioo, kwa namna mbili: utando mzito, ambamo chembe nyekundu hupasuliwa ili damu nyingi ionekane kwa pamoja, na utando mwembamba, ambamo chembe hubaki nzima ili aina ya kimelea itambulike. Slaidi ikishatiwa rangi ya Giemsa, kiini cha kimelea huonekana chekundu na sehemu yake nyingine ya samawati. Plasmodium falciparum, kimelea kinachosababisha malaria kali inayotawala pwani, huonekana kwanza kama pete ndogo yenye nukta, na kinapofikia umbo la kuambukiza mbu huwa kimepinda kama ndizi. Mpimaji hutakiwa kupitia maeneo yasiyopungua 100 chini ya lenzi ya mafuta, kwa ukuzaji wa jumla wa mara 1,000, kabla ya kuandika kwamba hakuona kitu. Akiona vimelea, huvihesabu sambamba na chembe nyeupe 200, kisha hukokotoa wingi wake kwa kukadiria kwamba mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Kazi hiyo huchosha macho, hukosewa pale foleni inapokuwa ndefu na rangi inapokuwa chafu, na ndiyo maana mfumo wa maabara ulijijengea kinga zake: rejesta yenye jina la aliyesoma, sehemu ya slaidi kuhifadhiwa na kusomwa upya na mtu mwingine bila kujua jibu la kwanza, na hatimaye sheria ya mwaka 1999 iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwasimamia wataalamu wa maabara nchini Kenya.

Uwanja wa ndege uliongeza sura nyingine katika historia hii. Uwanja wa Port Reitz ulitumiwa na majeshi ya Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakati ambapo bandari ya Kilindini pia ilikuwa makao ya meli za kivita zilizoondoka Bahari ya Hindi ya mashariki, na baada ya vita ukawa wa kiraia, ukapanuliwa katika miaka ya 1970 na kupewa jina la Rais Daniel arap Moi. Hata kabla ya vita, mataifa yalikuwa yametia sahihi huko The Hague, mwaka 1933, mkataba wa afya kwa usafiri wa anga, kwa hofu kwamba ndege ingeweza kubeba homa ya manjano kutoka Afrika ya Magharibi hadi Afrika ya Mashariki na kisha India kabla abiria hajaonyesha dalili. Hofu hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha taasisi ya utafiti wa homa ya manjano huko Entebbe mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller Foundation, mahali ambapo mabingwa walikusanywa kwa ajili ya ugonjwa mmoja tu, na mwaka uliofuata Max Theiler na wenzake wakatangaza chanjo ya 17D. Maafisa wa afya ya bandari katika uwanja wa Mombasa ni warithi wa mpango huo. Hukagua vyeti vya chanjo, ambavyo tangu Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa, na mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, walisimama kando ya kamera za kupima joto la mwili, mashine ambayo husoma dalili moja na haiwezi kumtambua aliyeambukizwa lakini bado hajapata homa.

Ndege hizo ziliufichua ukweli ambao vitabu vya tiba huusahau. Kuanzia miaka ya 1970 ndege za kukodi zilileta watalii wengi kutoka Ujerumani, Uswisi, Italia na Uingereza kwenye hoteli za pwani, na baadhi yao walirejea kwao wakiwa na malaria, wakaugulia mbele ya madaktari waliosomea sana lakini ambao hawakuwa wamekiona kimelea hicho tangu chuoni. Ulaya pia ilishuhudia kile kinachoitwa malaria ya uwanja wa ndege, yaani ugonjwa unaompata mtu ambaye hajasafiri popote, kwa kuumwa na mbu aliyeshuka kutoka kwenye ndege. Katika kiangazi cha mwaka 1994 wagonjwa sita wa aina hiyo waliripotiwa kuzunguka uwanja wa Roissy, Paris, na ugumu wa kuwatambua ulikuwa kwamba hakuna aliyetarajia malaria katika vitongoji vya Paris. Slaidi ambayo mpimaji wa zahanati ya Magongo au Chaani, huko Changamwe, angeisoma bila ya kusita ilikuwa fumbo katika hospitali zenye vifaa vya hali ya juu. Ubingwa, kwa hiyo, haufuati ngazi za vyeo wala utajiri wa hospitali. Ugonjwa wa kila siku wa Changamwe ni fani adimu huko Paris, na kinyume chake ni kweli vilevile.

Kompyuta ziliingia katika utabibu zikiwa na kasoro hiyohiyo ya kujua wagonjwa wa mahali pamoja tu. Mwaka 1972 F. T. de Dombal na wenzake wa Leeds, Uingereza, walichapisha matokeo ya mfumo wa kutambua sababu za maumivu makali ya tumbo; kwa wagonjwa 304 kompyuta ilipatia kwa asilimia 91.8, na daktari mwandamizi kuliko wote waliolinganishwa nayo akapatia kwa asilimia 79.6. Mfumo huo ulipojaribiwa Copenhagen usahihi wake ulishuka sana, kwa sababu hesabu zake zilitokana na wagonjwa wa Leeds, wanaougua na kuelezea maumivu yao kwa namna ya Leeds. Miaka saba baadaye, mfumo wa MYCIN wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliojengwa kwa mamia ya kanuni kuhusu maambukizi ya bakteria, ulilinganishwa na wataalamu wa chuo hicho kwa wagonjwa kumi wa homa ya uti wa mgongo, nao waamuzi wasiojua nani alitoa ushauri gani waliyakubali mapendekezo yake kwa asilimia 65, kiwango ambacho hakuna mtaalamu aliyekipita. Pamoja na ushindi huo MYCIN haikuwahi kutumika wodini, kwa kuwa kuilisha taarifa za mgonjwa mmoja kulichukua muda mrefu na hapakuwa na aliyeweza kueleza nani angewajibika endapo ingekosea.

Mifumo ya leo haiandikiwi kanuni. Huonyeshwa maelfu ya picha zilizokwisha kusomwa na wataalamu, ikajitafutia yenyewe alama zinazotenganisha mzima na mgonjwa. Afrika ya Mashariki ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo pa kuipima nje ya maabara. Programu ya CAD4TB, iliyobuniwa Uholanzi ili kusoma picha za eksirei za kifua na kutoa alama kutoka 0 hadi 100 kuonyesha uwezekano wa kifua kikuu, ilijaribiwa Tanzania, ikiwa ni pamoja na uchunguzi wa wafungwa wa gereza la Ukonga, Dar es Salaam, na baadaye ikapimwa kwa picha zilizopigwa katika utafiti wa kitaifa wa kifua kikuu wa Kenya wa miaka ya 2015 na 2016, utafiti ambao ulikuwa umeonyesha kwamba eksirei huwanasa wagonjwa wengi ambao wangepita kama wangeulizwa tu kuhusu kikohozi. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba programu za aina hiyo zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kuwachunguza watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Ruhusa hiyo, hata hivyo, ilikuja na sharti linalokumbusha mfumo wa Leeds: alama ya kumpeleka mtu akapimwe makohozi haiwezi kuwa moja kwa dunia nzima, kwa hiyo kila nchi inatakiwa kuipanga kwa picha za watu wake, hasa pale penye virusi vya Ukimwi, wazee wengi, au watu waliowahi kuugua kifua kikuu na kubakiwa na makovu mapafuni.

Kielelezo kilicho karibu zaidi na Airport kiko upande wa pili wa kivuko cha Likoni, katika hospitali ya Kinondo Kwetu, kaunti ya Kwale. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi nchini Kenya, na chanjo ya kuikinga ilizinduliwa kitaifa mjini Mombasa mwezi Oktoba 2019. Lakini kwa waliokwisha kuwa watu wazima kinga kuu ni uchunguzi, na mojawapo ya njia zake ni kipimo cha Pap, kilichopewa jina la Georgios Papanicolaou, ambacho husoma seli zilizokwanguliwa kutoka mlango wa kizazi. Msomaji wake ni mwanapatholojia, yaani daktari bingwa wa kutambua ugonjwa kwa kutazama seli na tishu, na mabingwa hao ni wachache kiasi kwamba hospitali ya kijijini haiwezi kutarajia kuwa na wake. Kati ya Septemba 2018 na Septemba 2019, watafiti kutoka Kinondo wakishirikiana na wenzao wa Helsinki na Stockholm walichukua vipimo vya wanawake 740 wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wakazitia slaidi rangi palepale, wakazipiga picha kwa skana ndogo inayobebeka, na kuzituma kwa mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta za mbali, ambako mfumo uliofundishwa kwa sehemu ya slaidi hizo ulipimwa kwa sehemu iliyobaki.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yanapaswa kusomwa kwa pande zake mbili. Unyeti wa mfumo, yaani uwezo wa kuwanasa wenye seli zisizo za kawaida, ulikuwa kati ya asilimia 96 na 100 ukilinganishwa na usomaji wa wanapatholojia, kwa hiyo slaidi ambayo mashine iliiona safi ilikuwa karibu kila mara safi kweli. Umahususi wake, yaani uwezo wa kuwaacha wazima bila kuwatia wasiwasi, ulikuwa kati ya asilimia 78 na 85, na maana yake ni kwamba wanawake kadhaa wasio na tatizo wangeitwa warudi. Watafiti hawakudai kwamba mwanapatholojia amepitwa na wakati. Walichoonyesha ni kwamba mashine inaweza kuondoa slaidi safi kwenye foleni, ili saa chache za bingwa zitumike kwa slaidi zenye mashaka. Uchunguzi mwingine wa aina hiyo katika kaunti hiyohiyo, uliohusu mayai ya minyoo katika vinyesi vya watoto wa shule, ulionyesha mfumo ukigundua mayai machache katika baadhi ya sampuli ambazo wapimaji walikuwa wamezisoma kuwa hazina kitu. Huko Kampala nako, maabara ya akili unde ya Chuo Kikuu cha Makerere ilikuwa imeunganisha simu na hadubini ya kawaida na kuifundisha kutafuta vimelea vya malaria, bakteria wa kifua kikuu na mayai ya minyoo, kwa picha zilizopigwa Uganda kwenyewe.

Katika mifano yote hii, mashine imefaulu pale ilipofundishwa kwa slaidi za mahali itakapotumika na ilipopewa swali moja lililo wazi. Imeshindwa pale ilipohamishwa bila kupimwa upya; mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mfumo wa kusoma nimonia kwenye eksirei ulikuwa umejifunza kutambua hospitali iliyopiga picha, na kulitumia jambo hilo kukisia nani mgonjwa. Tangazo la mtafiti wa akili unde Geoffrey Hinton la mwaka 2016, kwamba vyuo viache kufundisha madaktari wa eksirei kwa kuwa mashine ingewapita ndani ya miaka mitano au kumi, halikutimia, na wataalamu hao wanaendelea kuhitajika.

Kuna aina ya ubingwa ambayo mashine ya kazi moja haiwezi kuwa nayo kwa jinsi ilivyoundwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Afrika, ambao wengine walikuwa wakiuita kwa majina tofauti kulingana na kiungo walichokitazama, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari kupitia nchi za Afrika ya Mashariki na Kusini akiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi uvimbe huo unaonekana na ni wapi hauonekani. Ramani aliyoichora iliufungamanisha ugonjwa na joto na mvua, na sampuli kutoka Uganda zikawezesha ugunduzi wa kirusi cha Epstein-Barr mwaka 1964. Mfumo uliofundishwa majibu yaliyokuwapo ungeliendelea kuyatoa majibu hayohayo, kwa sababu ugonjwa huo haukuwa katika orodha yake. Vivyo hivyo, mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya, aliyetangazwa mwishoni mwa Julai 2024, alinaswa katika kituo cha mpakani cha Taveta na watumishi wa afya waliokuwa wamejiandaa kuona wasichokizoea. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayosubiriwa kila siku katika uwanja wa ndege wa Mombasa.

Kwa hiyo, mpaka kati ya bingwa na mashine uko katika uwajibikaji na katika mwendelezo wa huduma. Slaidi iliyosomwa vizuri haina faida ikiwa mwanamke hatapata matibabu ya mabadiliko yaliyoonekana, na tangu mwaka 2013, ambapo hospitali nyingi zilikabidhiwa serikali za kaunti, jukumu hilo limekuwa la Mombasa na Kwale zenyewe. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na sheria ya afya ya kidijitali ya mwaka 2023 zimeweka msingi kuhusu taarifa za wagonjwa, ila usimamizi wa ubora wa usomaji wenyewe unahitaji kuwa mkali kwa mashine kama ulivyokuwa kwa mpimaji: isajiliwe, ipimwe kwa slaidi za pwani kabla ya kuaminiwa pwani, sehemu ya majibu yake isomwe upya na binadamu asiyejua jibu la kwanza, na pawe na jina la mtu anayewajibika kwa kila jibu. Kaunti nazo zihifadhi slaidi, picha za eksirei na rejesta zinazotupwa leo kwa kukosa nafasi, kwa kuwa ndizo zitakazofundisha na kupima mifumo ya kesho, na ziendelee kuwafunza wasomaji wa hadubini, kwa kuwa bila wao hakuna atakayeweza kuiambia mashine kwamba imekosea. Mashine isiyo na msomaji wa kuikosoa haipaswi kuruhusiwa kumhukumu mgonjwa yeyote wa Changamwe.